Akselere, Neno Uliloniachia Mulimani

Mpendwa mudogo wangu Prof,

Barua hii ninaandika kwa mukono wangu mwenyewe, usicheke maandishi. Mi nilikaa shuleni mpaka mwaka wa pili tu. Ile ingine nilifundishwa na barabara: majina ya vijiji kwenye vibao, majina ya saruji kwenye mifuko, na maneno ile bashoferi banapakaga nyuma ya makamyo yabo. We ulijaza tablo nzima ya darasa kabla ya saa nne ya asubuhi, ukafuta, ukajaza tena. Leo njo mi ninaandika na we unanyamaza.

Nikuambie kwanza sababu. Sifa, mutoto wako, anataka kuolewa. Kijana ni mutu wa Fizi, banashona pamoja hapa sokoni, kambi ya bakimbizi ya Dzaleka, cherehani mbili chini ya turubai moja. Ni kijana muzuri, ila anatembea polepole, hilo nimemuambia usoni. Bazee ba upande wake balikuja kwetu, bakakaa, bakakunywa chai, bakasema hawawezi kuchukua binti wa mutu ambaye haijulikane kama iko hai ao amekufa. Kama Prof iko hai, aulizwe. Kama amekufa, mukubwa wa familia asimame mbele ya bantu aseme, tulie, tuondoe matanga, halafu tucheze ndoa.

Mukubwa wa familia ni mi, yaya wako, kaka yako mukubwa. Na hilo neno mi sijalisema hata siku moja, tangu vita ya kwanza, ile ilitufukuza Uvira, mpaka leo radio inatuambia na ya pili imeisha. Pasta alinibembeleza, nikakataa. Bazee ba Uvira balikuja na heshima yote, nikakataa. Muke wako amenikatalia chakula, nikakataa na njaa yangu. Sasa kesho, baada ya ibada, bantu banakutana kwenye uwanja wa kanisa, na mi sina tena mahali pa kukatalia. Kwa hiyo ninakuandikia we kwanza, kwa sababu haiko vizuri mutu asikie kifo chake kutoka kwa bantu bengine.

Unakumbuka ulivyokuwa unapanda na mi siku za Jumamosi, Uvira mpaka Baraka, kwenda kumuona mama? Shati jeupe, mifuko imejaa chaki, vumbi yote ya ile barabara haikukupata hata kidogo, sijue ulikuwa unafanyaje. Na mi kwenye volani, usukani wa kamyo. Hakuna mutu kati ya Uvira na Fizi aliyekuwa anaendesha kamyo kama mi, na ambaye anabisha akuje abishe mbele yangu. Kuku za njiani zilikuwa zinajua mulio wa moteri yangu, zinatoka barabarani mapema, zinaniheshimu.

Siku moja tulikuwa pale barabara inanyooka kando ya ziwa. Mguu wangu umelala kwenye mafuta, michikichi inakimbia nyuma, bamama juu ya muzigo banaimba. Nikakuambia, angalia mudogo wangu, hii njo inaitwa akselere. We bila hata kugeuza kichwa ukajibu kwamba akselere yangu saa ile ilikuwa ziro.

Ziro. Mi niko ninapaa, unaniambia ziro.

Ukatoa uzi mufukoni, ukafunga ekru moja, nati ya gurudumu, ukaitundika kwenye dari ya kabini. Ukasema niangalie. Kamyo ilikuwa inakwenda mbio, lakini ekru ilikuwa imenyooka chini, imetulia kama katekista. Halafu mbuzi bakakata barabara, nikafunga freni, ekru ikaruka mbele. Nikatia vitesi tena, ile gia, kamyo ikaongeza mbio, na ekru ikavutwa nyuma. Tukafika kona, sikuongeza wala kupunguza, na ekru ikaenda pembeni yenyewe. Njo ukanifundisha, kwa ile sauti yako ya darasani:

"Yaya, kwa bantu, akselere ni kwenda mbio. Kwa fizikia, ni kubadilisha mwendo. Ukiongeza, njo yenyewe. Ukipunguza, njo yenyewe. Ukikata kona, njo yenyewe vilevile. We uko na akseleratere tatu mule ndani: ya mafuta, na freni, na volani."

Nikakujibu kwamba siku nitamuomba fundi akseleratere naye aniletee volani, nitamupiga nayo. Ulicheka mpaka ukakohoa. Mi sikucheka. Mi nilikuwa nimekasirika kweli, kwa sababu ekru ilikuwa imekaa upande wako.

Jumamosi iliyofuata ukaja na kitabu cha Tanzania, ukanionyesha kwamba kule hiyo kitu banaiita mchapuko. Nikauliza ni nani anachapwa. Ukasema haitoki kwa kuchapa, inatoka kwa kuchapuka. Basi nikakubana hapo hapo: mutu anayechapuka ni mutu anayeongeza mbio, sijasikia hata siku moja bantu banasema fulani amechapuka kusimama. Ukapekua kitabu mpaka daraja lingine. Halafu ukakubali kwamba hapo neno linadanganya, lina maana moja nyumbani na maana tatu darasani, na kazi ya mwalimu ni kulipiganisha na mazoea ya bantu. Hiyo siku nilikushinda. Nimeiandika hapa ili ibaki.

Na nyumbani kwako ilikuwa vita ileile. Muke wako anamuambia Sifa "akselere!" kwa sababu maji ya ugali imechemuka na unga haujafika, na we unauliza kutoka kitini: kwa upande gani? Aongeze, apunguze, ao akate kona? Mpaka siku aliyokutupia mwiko. Sifa alikuwa na miaka kumi, alicheka akaangusha unga.

Kuna mambo mawili ingine ulinifundisha mule kabini, moja sikubisha, moja nilibisha. Moja, kwamba nguvu ikiwa ileile na muzigo ukizidi, akselere inapungua. Hiyo kamyo ilikuwa imenifundisha kabla yako. Ya pili, kwamba mwili wa mutu hausikii mbio, unasikia mabadiliko tu. Mutu akilala ndani ya gari linalokwenda sawasawa, hawezi kujua kama anakwenda. Hiyo nilisema ni uongo. Leo nimekubali, lakini nimekubali kwa shingo upande.

Sasa nifike pale ambapo sitaki kufika.

Siku tuliyotoka Uvira, milio ya bunduki ilikuwa imeanza upande wa juu, na bantu balipanda kamyo yangu bila kuuliza inaenda wapi. Bamama, batoto, bibi kizee mumoja na cherehani yake kichwani. Konvoyeri wangu, musaidizi wa kamyo, alikimbia kwa mulio wa kwanza, na sitamulaumu. We ukamupandisha muke wako na Sifa nyuma, ukaja kukaa na mi. Ekru ilikuwa bado inaning'inia pale.

Pale mulima unashuka mpaka ndani ya ziwa, na barabara inapanda imekunjana, moteri ikazimika. Hewa iliingia kwenye mafuta. Unajua kamyo imejaa bantu ikizimika mulimani ni kitu gani: freni peke yake haitoshi, lazima mutu ashuke aweke kale, lile gogo zito, nyuma ya gurudumu, isirudi chini na bantu bote. Hiyo ni kazi ya konvoyeri. Mi niko chini ya moteri, mikono imejaa mazutu, ile dizeli. Ukashuka we. Ukavuta lile gogo na shati lako jeupe, ukaliweka, ukakaa juu yake kama mutu anayengoja barua. Nyuma, chini ya mulima, milio ilikuwa inakaribia. Sikutetemeka. Kama kuna mutu alitetemeka, haikuwa mi.

Moteri ikakubali. Nikaruka kabini, nikaingiza vitesi ya kwanza, kamyo ikasogea mbele polepole. Na we ukafanya kile konvoyeri wa kweli anafanyaka. Hukuacha kale barabarani. Mi mwenyewe nilikuwa nimekufundisha, siku zile za kucheka, kwamba konvoyeri akiacha kale nyuma ni afadhali abaki nayo, kwa sababu mbele kuna mulima mwingine, na kamyo bila kale ni kaburi lenye magurudumu. Ukalibeba begani, ukakimbia.

Nilikuona kwenye kioo. Mwanzoni mulikuwa sawasawa, we na kamyo. Mukono wako ulifika kwenye ubao wa nyuma. Bamama bakanyoosha mikono. Halafu nikasikia sauti yako:

"Yaya, akselere!"

Prof. Ulitupa neno lenye maana tatu kwa mutu mwenye miguu miwili.

Nilikanyaga mafuta. Barabara ikapinda, kioo kikajaa mulima, na kona ilipoisha, kwenye kioo hakukuwa na mutu. Ningefunga freni pale, tungerudi chini bote, hiyo hata mutoto wa shoferi anajua. Nimeirudia ile kona tangu wakati ule, mara nyingi kuliko sala yangu ya asubuhi, na kila mara ninaiendesha vizuri. Sijaona kosa. Nimetafuta.

Tulifika Baraka. Nikashuka kumuonyesha muke wako uso wangu. Nikaenda nyuma, nikakuta gogo liko juu ya kamyo. Ulikuwa umelitupa, bamama bakalidaka. Gogo lilifika Baraka na we hukufika. Usiku ule bantu balilipasua bakapikia ugali, na mi nilikula, kwa sababu nilikuwa na njaa, na hakuna aliyenieleza moto ule ni wa nini.

Njo ninakuuliza, kwa kichwa chako chote cha fizikia: kwa nini ulibeba? We njo ulisema nguvu ikiwa ileile na muzigo ukizidi. Ulijua. Tablo nzima ulijua.

Baadaye tulivuka ziwa, tukakaa Tanzania, tukatoka Tanzania, mpaka Malawi hapa. Dzaleka ilikuwaka gereza zamani, sasa ni mji wa bantu benye kungoja. Tuko na nyumba ya udongo, muke wako na Sifa chumba kimoja, mi kingine. Ninakula nsima, ni ugali tu wenye jina lingine. Nimekuwa fundi wa kurekebisha baiskeli za kabaza, zile za kubeba abiria, na bavijana banaletaga baiskeli kutoka mbali kwa sababu hakuna anayenyoosha gurudumu kama mi.

Nikuambie kitu ungecheka. Siku ya kwanza nimefika Lumbadzi, kwenye minibasi, konda alishika mufuko wangu akapiga kelele, "Changu! Changu!" Nikasema ndani yangu, mwizi huyu, anasema ni chake mbele ya macho yangu. Nikamukamata shati. Tulivutana mpaka mama mumoja wa kwetu aliyekaa Zambia akaniambia kwa Kiswahili kwamba kwa Kichewa changu ni haraka, kijana alikuwa ananiambia nichapuke tu. Nikamuachia, nikasema zikomo, asante yabo. Konda alicheka safari nzima. Na mi nikageuka kukutafuta nikuambie, maana hiyo ilikuwa yako, hiyo habari ya neno lenye maana mbili, na kiti cha pembeni kilikuwa na kuku.

Tangu siku ile njo ulianza kunijia.

Mi ninaendaga Lilongwe kununua vipuri vya baiskeli pale soko la Tsoka, na uzi wa Sifa kama umekwisha. Ninakaa dirishani upande wa kushoto. Barabara ikinyooka hakuna kitu. Minibasi ikikata kona ya kulia, kila mutu anasukumwa upande wangu, hiyo ni sawa, ni fizikia yako. Lakini kabla jirani yangu hajanigusa, bega lingine linanigusa kwanza. Linajua mahali pa kukaa. Ni jembamba, na lina mufupa pale pale ulikuwa na mufupa. Ninatazama, ninaona mama na beseni yake ya nyanya. Kona inaisha, bega linaondoka. Sijamuambia mutu, maana batasema muzee amechoka akili, na mi akili yangu iko nzima kuliko yabo.

Na pale Tsoka, kuna mwanaume nilimuona mbele yangu katikati ya bantu, anatembea kama we, mukono mumoja nyuma. Nikaongeza hatua. Naye akaongeza, ama ni njia ilifunguka mbele yake. Nikakimbia, mi na magoti haya, nikaangusha mafungu ya dagaa ya mutu. Karibu na daraja nikamushika bega. Akageuka. Ilikuwa sura ya mutu wa hapa, muzuri, amenyoa vizuri. Akaniuliza kwa upole, "Kodi bambo, tikudziwana?" Yaani anauliza kama tunajuana. Nikamuachia bega, nikarudi kuokota dagaa ya mutu.

Hapa Dzaleka, hata mchana nikiwa nimekaa mbele ya mulango, hakuna kinachokwenda, jivu halitikisike, na mwili wangu unatupwa mbele. Uliniambia kamyo ikisimama muzigo hausimame. Hukuniambia unasimama lini.

Basi njo maana nilikataa. Nikisema umekufa, ni nani anaingia minibasi na mi? Na nikisema umekufa, neno lako linabaki bila mwenyewe, siwezi tena kukuuliza ilikuwa ni mafuta ao freni. Muke wako alinijia juma hili, nilikuwa ninafunga cheni. Alisimama, hakukaa.

"Shemeji," akasema, "we unamungoja ili akujibu. Mi nilimungoja ili arudi. Mi nimemaliza."

Akaingia ndani. Nikaendelea na cheni, nikaifunga vibaya, nikaifungua.

Leo baada ya chakula Sifa akaja. Ameleta koti langu la kesho, ameligeuza kola, limekuwa jipya. Akanivalisha, akawa ananivuta mikono ya koti, anaangalia mabega, hakunitazama usoni. Nikamuambia kijana wake anatembea polepole. Akasema, "Baba mukubwa, we njo ulimaliza haraka yote ya familia." Nikacheka. Halafu nikamuuliza kile sijamuuliza tangu alipokuwa na miaka kumi. Alikuwa nyuma ya kamyo. Aliona nini.

Alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja. Akanieleza kwamba ulipotupa gogo mikono yako ilibaki mitupu, na ulikuwa bado karibu, mama mumoja alikaribia kukushika vidole. Ukaita lile neno. Halafu hukuachwa. Hivyo njo alivyosema: "Kamyo haikumuacha. Alisimama mwenyewe." Ulikuwa unakimbia, ukapunguza, ukasimama katikati ya barabara. Ukamuangalia yeye na mama yake. Kisha ukageuka kuelekea chini, haraka, kama mutu aliyeitwa jina na mutu anayemujua.

Nikamuuliza nani alikuita. Hajui. Hakusikia jina. Milio ilikuwa mingi, na bamama balikuwa banalia. Alikuona mugongo tu, shati limechafuka begani, unashuka. Halafu kona.

Nikakaa chini na koti lote la pini.

Prof, mi nilifikiri nilikuwa na swali moja. Kumbe ulifanya zote tatu, palepale, kwa miguu, mbele ya mutoto. Uliongeza, ukasimama, ukageuka. Hukuwa unaniambia mi nifanye nini na kamyo, labda hata hukuwa unaongea na mi. Ni nani alikuwa chini kule? Mwanafunzi wako? Bibi wa cherehani sikumuona Baraka, sasa njo ninakumbuka, cherehani niliiona, yeye sikumuona. Ama hakuna mutu alikuita, na we ulisikia tu. Mi pia ninasikia, kwa hiyo siwezi kukucheka.

Sifa alichukua koti, akasema litakuwa tayari asubuhi. Mulangoni akauliza kama kesho nitasema. Nilimuambia aende akashone. Anajua sauti yangu, alijua nimekubali. Nilimusikia nje anamuambia mama yake, na mama yake akaanza tu kufagia uwanja, anafagia, anafagia, hata mahali palikuwa safi.

Kwa hiyo kesho nitasimama. Sitavaa miwani, nisione nyuso. Nitasema jina lako lote, la baba na la ubatizo, na kazi yako, na kwamba hukuwahi kumupiga mwanafunzi. Halafu nitasema umekufa. Nitalisema mara moja, kwa sauti, kwa lugha yetu ya nyumbani, si kwa Kiswahili, kwa maana kwetu hilo neno lina maana moja tu, nyumbani na darasani.

We maisha yako yote ulinisahihisha. Ulinikatia maneno mbele ya bantu, mi mukubwa wako, na hukuona haya. Kesho nikishafunga mdomo nitangoja kidogo kabla ya kukaa. Bantu batafikiri ni uchungu, ama ni magoti. Kama nimekosea, sema. Sema mbele ya bote, kwa sauti ya darasani, ukitokea nyuma kule bavijana banakaa. Sitakasirika.

Na kama hutasema kitu, basi nitakaa.

Pumzika, mudogo wangu. Muke wako iko na afya. Mutoto amekua na mabega yako.

Ni mi yaya wako,
shoferi wa Uvira